Miche hurefuka, huanguka, na inayobaki hudumaa ikipandikizwa: nirekebishe nini katika kitalu nyumba changu?

Mwanabustani ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Ninaomba msaada kuhusu miche ya kitalu nyumba kidogo nilichonacho nyuma ya nyumba. Fremu yake ni ya mbao, imefunikwa kwa nailoni nzito inayopitisha mwanga, na upande mmoja kimeegemea ukuta wa nyumba. Ninasia nyanya, pilipili hoho, kabichi, saladi na matango katika trei. Isipokuwa saladi, ambayo mara nyingi hukataa kabisa kuota, mbegu zangu huchomoza vizuri na kwa haraka. Shida huanza baada ya hapo.

Miche hurefuka upesi, mashina yakawa membamba na meupe upande wa chini, na yote huinama kuelekea upande usio na ukuta. Mingine huanguka kwa usiku mmoja. Nikiichunguza iliyoanguka, naona shina limesinyaa na kuwa la kahawia pale pale linapogusana na udongo, ilhali majani yake mawili ya kwanza bado ni mabichi kabisa. Kila siku pengo hilo hupanuka katika trei mpaka linafika ukingoni.

Inayosalimika nikiipandikiza bustanini, hukaa muda mrefu bila kuongeza jani hata moja. Upande wa chini wa majani ya nyanya huwa na rangi ya zambarau, na mengine hupata mabaka meupe kana kwamba yameungua. Matango ndiyo huathirika zaidi, kwani mengi hunyauka na hayainuki tena.

Ninachofanya ni hiki: nachanganya udongo wa bustani na samadi, nasia mbegu kwa wingi ili nisikose miche, namwagilia asubuhi na jioni, na nakifunga kitalu nyumba usiku na mchana ili joto lisitoke. Kama kuna hatua ninayoikosea, naomba mnieleze na sababu yake, kwa maana nikijua sababu nitaweza kujirekebisha hata katika mazao mengine.

Mkuza Miche amejibu:

Ndugu Mwanabustani, umeeleza kwa undani wa kutosha kiasi kwamba chanzo kinaonekana ndani ya maelezo yako mwenyewe. Unakiendesha kitalu nyumba kwa namna moja tangu siku ya kusia hadi siku ya kupandikiza, wakati mbegu na mche vina mahitaji yanayokaribia kupingana. Mbegu inataka joto na unyevu usiokatika, na kwa mazao mengi haijali kama iko gizani. Mche uliokwisha kuchomoza unataka mwanga mwingi, joto pungufu kuliko la mbegu, hewa inayotembea, na udongo unaopewa nafasi ya kukauka juu. Kwa hiyo siku unapoona nusu ya mbegu zimechomoza, hiyo ndiyo siku ya kubadili utunzaji wote, na usingoje zilizobaki.

Nianze na joto. Kwa kuotesha, nyanya hupendelea udongo wenye nyuzijoto 24 hadi 28 za Selsiasi, pilipili hoho 26 hadi 30, matango 26 hadi 32, kabichi 20 hadi 26, na saladi 15 hadi 22 tu. Zingatia kwamba ninasema joto la udongo. Udongo wenye maji hupoa kadiri maji yanavyogeuka mvuke, na mara nyingi huwa chini ya joto la hewa kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo kipimajoto kilichotundikwa ukutani hakikuambii kile mbegu inachokihisi. Chomeka kipimajoto ndani ya trei, kwenye kina kile kile ulichosia mbegu, ndipo utajua ukweli.

Hapo utaelewa pia kisa cha saladi. Mbegu zake zikikutana na udongo unaokaribia nyuzijoto 30 huingia katika usingizi, hata kama ni mbegu nzuri kabisa na zina maji ya kutosha. Zaidi ya hayo, mbegu za aina nyingi za saladi huhitaji mwanga ili ziote, kwa hiyo zibonyeze juu ya udongo na kuzifunika kwa tabaka jembamba mno, kisha uiweke trei mahali penye ubaridi nje ya kitalu nyumba, chini ya kivuli chepesi, kwa siku 2 au 3 za mwanzo. Zikishatoa kimzizi cheupe, zirudishe.

Baada ya kuchomoza, shusha joto. Nyanya hutosheka na nyuzijoto 18 hadi 24 mchana na 14 hadi 17 usiku. Pilipili hoho na matango huhitaji kidogo zaidi, hasa usiku, wasishuke chini ya 17. Kabichi na saladi huimarika zaidi katika 15 hadi 20 mchana na 10 hadi 13 usiku. Mche unaokaa katika joto kubwa bila mwanga wa kulingana nalo hurefusha shina kuliko unavyojenga tishu zake, na usiku wenye joto kubwa huufanya mche utumie haraka akiba ya chakula uliyoijenga mchana. Kitalu nyumba kidogo kilichofungwa kinaweza kupita nyuzijoto 40 siku ya jua hata kama nje kuna ubaridi. Fungua mlango na matundu ya juu mara hewa ya ndani inapofika nyuzijoto 24 au 25, usisubiri mpaka uhisi joto mwenyewe, kisha funga saa moja au mbili kabla ya jua kuzama iwapo usiku wenu ni wa baridi. Kama hakuna tundu la juu, lipasue na ulitengenezee kifuniko, kwa maana hewa ya moto hukaa darini na mlango peke yake hauitoi.

Kuhusu mwanga, miche yako inainama kwa sababu ukuta unaipa giza upande mmoja. Seli za upande wenye kivuli hurefuka zaidi kuliko za upande wenye mwanga, na ndiyo maana shina hupinda. Kugeuza trei kila siku husaidia, ila dawa yenye nguvu zaidi ni kupaka ukuta ule rangi nyeupe isiyong'aa ili urudishe mwanga, na kuosha nailoni ndani na nje kwa maji yenye sabuni kidogo, maana vumbi na ukungu wa kijani hula sehemu kubwa ya mwanga pasipo mtu kutambua. Iwapo mawingu hudumu kwenu, taa za LED zilizoning'inizwa sm 15 hadi 25 juu ya miche kwa saa 14 hadi 16 kwa siku zinatosha. Usiziwashe usiku kucha, kwani nyanya zikiangaziwa saa 24 mfululizo majani yake huwa na manjano na kuharibika.

Kusia kwa wingi nako kunachangia mashina kurefuka, na watu wengi hawalitilii maanani. Majani hufyonza sehemu nyekundu ya mwanga na kuakisi ile iliyo ng'ambo ya wekundu, ambayo macho yetu hayaioni vizuri. Mche hutambua badiliko hilo, hujua kwamba una jirani, na huanza kukimbilia juu hata kabla kivuli hakijaufikia. Hii ina maana kwamba miche iliyosongamana itarefuka hata ukiiweka kwenye jua kamili. Tia mbegu 1 au 2 katika kila kijishimo cha trei, na ile dhaifu uikate kwa mkasi usawa wa udongo badala ya kuing'oa, ili usitikise mizizi ya ile unayoibakiza.

Jambo la mwisho: pitisha kiganja chako juu ya vichwa vya miche kwa upole, mara kadhaa asubuhi na mara kadhaa jioni, wakati majani ni makavu. Mtikisiko huo, sawa na ule wa upepo au wa feni ndogo, huufanya mche ujenge shina fupi na nene. Ninawasihi watu walifanye hili kwa sababu halina gharama, na tofauti yake huonekana ndani ya wiki mbili. Pilipili hoho na saladi tu ndizo ninazoziacha, maana majani yake huchubuka upesi.

Udongo Hai amejibu:

Nakubaliana na Mkuza Miche katika yote, na ninaongeza kuhusu miche inayoanguka, kwa kuwa huo ni ugonjwa, tofauti na tatizo la urefu wa shina. Ni kinyausi. Alama uliyoitaja, yaani shina kusinyaa na kugeuka kahawia usawa wa udongo huku majani yakiwa mabichi, ndiyo inayoutambulisha. Husababishwa na vimelea vya udongo, hasa Pythium, Rhizoctonia na Fusarium. Mbegu za uzazi za Pythium huogelea ndani ya maji yaliyo kati ya chembe za udongo, na kwa hiyo trei isiyokauka juu huwa njia yake ya kusafiria kutoka mche hadi mche. Hapo ndipo linatoka lile pengo linalopanuka kila siku.

Mche ulioanguka haufufuki. Uondoe pamoja na udongo unaouzunguka na mbili au tatu za jirani zake, hata kama zinaonekana nzima, kisha acha trei ikauke juu. Usivirudishe vilivyoondolewa kwenye lundo la mboji linalotumika kwa ajili ya trei.

Udongo wa bustani ndio unaoleta vimelea hivyo, ingawa wenyewe si udongo mbaya. Bustanini vimelea hao huzuiwa na viumbe wengine na nafasi ya hewa, lakini ndani ya kijishimo kidogo chenye maji daima hupata uhuru kamili. Tena udongo huo, ukiwa katika chombo kifupi, hushikana na kuzuia maji kushuka. Wakulima wa bustani wa zamani walipambana na jambo hili kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1930, William Lawrence na John Newell wa taasisi ya John Innes huko Uingereza, walipoona miche yao ya majaribio ikifa ovyo, walitengeneza mchanganyiko wa kusia mbegu wenye sehemu 2 za udongo wa tifutifu uliopitishwa kwenye mvuke, sehemu 1 ya pitimosi (mabaki ya mimea ya kinamasi yaliyooza nusu) na sehemu 1 ya mchanga wa chembe kubwa, pamoja na chokaa na fosfeti kidogo. Kipimo hicho kinatumika hadi leo. Ukitumia kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) mahali pa pitimosi utapata matokeo mazuri, mradi uiloweke na kuisuuza kwa maji safi kwanza, kwa sababu kokopiti nyingine huja na chumvi.

Ukitaka kutumia udongo wako mwenyewe, uchekeche, uloweshe mpaka ukiufinyanga unashikana bila kutoa maji, kisha uupashe moto katika chombo kilichofunikwa hadi katikati yake pafike nyuzijoto 70, na ubaki hapo kwa nusu saa. Usiupitishe nyuzijoto 85, kwa sababu joto kali mno huua pia viumbe wenye manufaa na kuachia manganizi na amonia kwa kiasi kinachodhuru mizizi michanga. Njia ya pili isiyohitaji moto ni kuutandaza udongo wenye unyevu chini ya nailoni angavu juani kwa wiki 4 hadi 6 katika majira ya jua kali.

Samadi iache kabisa katika hatua ya kusia. Mbegu hubeba chakula chake cha siku za mwanzo, na samadi ambayo haijaoza sawasawa hutoa amonia na chumvi zinazochoma ncha za mizizi. Mche ukishatoa majani mawili halisi, yaani yale yanayofuata baada ya majani ya mbegu, ndipo uanze kuulisha mbolea ya maji iliyopunguzwa hadi robo ya nguvu iliyoandikwa kwenye chombo chake, mara moja kwa wiki.

Mwagilia asubuhi tu, na si kwa ratiba. Inua trei kwa mkono: ikiwa nzito, iache, ikiwa nyepesi na udongo wa juu umepauka, iweke katika beseni lenye maji ya sm 2 au 3, uiache mpaka unyevu uonekane juu, kisha uitoe ichuruzike. Hapo mizizi hufuata maji kwenda chini na shina hubaki kavu. Maji yasiwe ya baridi sana. Yaliyokaa ndani ya kitalu nyumba usiku kucha yanafaa, mradi pipa limefunikwa lisiote mwani. Na trei za zamani zioshwe kwa sabuni, kisha ziloweke kwa dakika 10 katika sehemu 1 ya dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini kwa sehemu 9 za maji, ndipo uzisuuze vizuri.

Mwanabustani amejibu:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Leo nimechomeka kipimajoto ndani ya trei mchana, kikaonyesha joto la juu kuliko yote mliyoyataja, hata lile la matango, na nikaona kwa nini saladi hainioti. Nimekwisha kufungua mlango, na tundu la juu nitalitengeneza.

Nimebaki na maswali mawili. Kwanza, nina trei za nyanya zilizorefuka na za matango ambazo mizizi imeanza kutokea chini. Je, nizitupe au zinaokoleka? Pili, naomba nielezwe kupandikiza kwenyewe, kwa sababu hata miche iliyokuwa na afya ilidumaa mara baada ya kuitoa nje.

Mpandikizaji amejibu:

Nyanya zako zinaokoleka, ndugu. Shina la nyanya lina uwezo wa kutoa mizizi mipya popote linapofunikwa na udongo wenye unyevu. Ukilitazama kwa karibu utaona vijivimbe vidogo chini ya vinyweleo, na hapo ndipo mizizi itakapotokea. Hamishia kila mche katika kikopo cha upana wa sm 8 hadi 10 na uuzike mpaka chini kidogo ya majani ya mbegu. Wakati wa kuuhamisha, ushike kwa jani na kamwe usiushike kwa shina, kwa sababu jani likichanika mche hutoa jingine, lakini shina lililofinywa halina mbadala. Chomeka kijiti chini ya mizizi na uinue kutoka chini.

Usijaribu hivyo kwa mimea yote. Kabichi inaweza kuzikwa mpaka karibu na majani yake ya kwanza halisi, na huishukuru hatua hiyo kwa kusimama imara. Saladi ukiizika moyo wake huoza, kwa hiyo iache juu kidogo ya usawa wa udongo. Matango yaliyorefuka ni vigumu kuyarekebisha, maana shina lake huoza kwa urahisi likizikwa na mizizi yake haivumilii kuguswa. Kwa matango yaliyokwisha kutoa mizizi chini, shauri langu ni kusia upya, tena moja kwa moja katika vikopo vya karatasi au vya nyuzi vinavyopandwa pamoja na mche. Yakisiwa katika joto linalofaa, huwa tayari kwa wiki 3 au 4 tu, kwa hiyo hujapoteza muda mwingi.

Umri ni jambo ambalo wengi hawalipi uzito. Nyanya hupandikizwa zikiwa na wiki 5 hadi 7, pilipili hoho 7 hadi 9, kabichi 4 hadi 6, saladi 3 hadi 4. Mche mkubwa wenye maua tayari huvutia macho, ila ukiwa katika kikopo kidogo mizizi yake imekwisha kujizungusha, na baada ya kupandikizwa huendelea kuzunguka pale pale badala ya kutanuka. Toa mche mmoja uangalie. Unaofaa una mizizi meupe inayoshikilia udongo usivunjike, ukiona bado sehemu ya udongo kati ya mizizi. Ukiona mkeka wa mizizi ya kahawia umefunika udongo wote, umechelewa. Chana mkeka huo kidogo kwa vidole pembeni na chini kabla ya kupanda, isipokuwa kwa matango.

Sasa nije kwenye kudumaa. Rangi ya zambarau chini ya majani ya nyanya ni dalili kwamba mizizi iko katika udongo wa baridi na haiwezi kufyonza fosforasi, hata kama fosforasi ipo ya kutosha. Kuongeza mbolea hakusaidii kitu hapo. Kinachosaidia ni kusubiri mpaka udongo wa bustani, asubuhi, kwenye kina cha sm 10, uwe umefika nyuzijoto 15 kwa nyanya na 18 kwa pilipili hoho na matango. Mimea hii mitatu huumia hata bila jalidi iwapo usiku unashuka chini ya nyuzijoto 10, na tango huumia zaidi kuliko yote. Kabichi na saladi hazina shida hiyo.

Mabaka meupe ni majani kuungua kwa jua. Jani lililokulia ndani ya kitalu nyumba lina ngozi nyembamba na nta kidogo, halijui upepo, na nailoni nyingi za vitalu nyumba huzuia sehemu ya miali ya urujuanimno. Ukilitoa ghafla mchana wa jua, hupoteza maji kwa kasi isiyoweza kufidiwa na mizizi, na seli zake hufa. Ndiyo sababu miche huzoeshwa kwanza kwa siku 7 hadi 10. Siku ya kwanza na ya pili, itoe nje kwa saa 2 au 3 kwenye kivuli pasipo upepo mkali, kisha uirudishe. Siku zinazofuata iongezee muda na jua la asubuhi kidogo kidogo, na katika siku 2 au 3 za mwisho iache nje hata usiku, ikiwa usiku hauko chini ya kiwango nilichotaja. Punguza maji katika kipindi hicho na usimamishe mbolea yenye naitrojeni nyingi, ili tishu zikomae. Jani lililozoeshwa hubadilika, huwa zito zaidi kidoleni na rangi yake huwa ya kijani iliyofifia kidogo kwa sababu ya nta.

Siku ya kupandikiza, chagua jioni au siku ya mawingu. Mwagilia trei saa chache kabla, ili udongo ushikamane na mizizi. Chimba shimo, ulijaze maji, uyaache yazame, ndipo uweke mche. Sukuma mche kutoka chini ya kijishimo, usiuvute kwa kichwa. Bonyeza udongo kwa vidole kiasi cha kuondoa mifuko ya hewa, kwa sababu mzizi usiogusana na udongo hukauka hata palipo na maji. Ukiwa umetumia kikopo cha karatasi, kata ukingo wake unaobaki juu ya udongo. Ukiachwa wazi hunyonya maji kutoka chini na kuyapoteza hewani, na mche hubaki na kiu. Weka neti ya kivuli au matawi yenye majani upande wa jua la mchana kwa siku 3 au 4. Matandazo yaweke baada ya udongo kupata joto, na yasiguse shina.

Mkuza Miche amejibu:

Maelezo ya Mpandikizaji yamekamilika, ila ninatofautiana naye katika kupunguza maji wakati wa kuzoesha. Kwa nyanya na kabichi sina neno. Kwa matango na pilipili hoho, naona kiu inayofikia kunyausha majani huwachelewesha kuliko inavyowaimarisha, na ninapendelea kuwakomaza kwa upepo na kwa jua la hatua kwa hatua huku udongo wao ukibaki na unyevu wa wastani. Kabichi nayo iangaliwe kwa jambo tofauti: ikishakuwa na shina nene na ikakaa kwa wiki kadhaa katika baridi iliyo chini ya nyuzijoto 10, inaweza kutoa maua badala ya kufunga kichwa. Izoeshe ikiwa bado ndogo, isivuke umri wake.

Na ikiwa baadhi ya nyanya utazipandikiza ndani ya kitalu nyumba chenyewe, Ndugu Mwanabustani, hazihitaji kuzoeshwa kwa siku zote hizo, kwa sababu mwanga na hewa havibadiliki sana. Zinachohitaji ni udongo uliopata joto, nafasi ya sm 45 hadi 60 kati ya mche na mche, na kitalu nyumba kinachofunguliwa mapema kila asubuhi ili majani yakauke umande kabla jua halijapanda. Sia matango mapya wiki hii, kisha ingiza kipimajoto ndani ya kikopo kimoja asubuhi, mchana na usiku, uandike vipimo vyako, na utuletee tuvitazame pamoja kabla hujaamua lini uyatoe nje.

Mwanabustani amejibu:

Nimeelewa. Jioni hii nimehamisha nyanya kwenye vikopo na kuzizika mpaka chini ya majani ya mbegu, na saladi nimeisia upya katika trei safi, nikaiweka kibarazani penye ubaridi. Ukuta nitaupaka rangi nyeupe kesho, na vipimo vya matango nitavileta hapa.